BIA INAYONGOJA MIAKA ISHIRINI

(Maandishi ya mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, bia tuliyoizoea wewe na mimi ni kitu cha leo. Inatoka kiwandani, inapangwa kwenye kreti, inafika baa, inanywewa. Ukiletewa chupa ambayo tarehe yake imepita, unamwita mhudumu aiondoe akuletee nyingine, na huenda ukamgombeza. Pombe zetu za kienyeji zina haraka zaidi. Mbege iliyoiva leo ukiiacha siku chache, inachacha mno na hakuna mgeni utakayethubutu kumkaribisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya bia ya namna nyingine. Mtu anainunua, anaiweka kabatini, na haigusi mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekuwa mtu mzima. Bia hiyo asili yake ni Uingereza, na wenyewe wanaiita mvinyo wa shayiri. Namwomba msikilizaji asiyekunywa, kwa dini yake au kwa afya yake, asizime redio. Habari hii si ya ulevi. Ni habari ya kungoja, na kila mmoja wetu ana jambo analolingoja.

Tuanze na jina. Kinywaji hiki kinaitwa mvinyo, lakini hakina zabibu hata moja. Ni bia kamili: kimea cha shayiri, maji, hopsi na hamira. Tofauti iko kwenye vipimo. Mtengenezaji anatia kimea kingi kwa maji machache, anakamua yale maji ya kwanza yaliyo mazito na matamu, anayachemsha kwa muda mrefu, kisha anatia hopsi nyingi, maana uchungu wa hopsi ndio unaosaidia bia isiharibike. Hamira inakula sukari ile polepole. Kazi ikiisha, kileo chake huwa kama asilimia 8 hadi 12, wakati bia ya kawaida ya baa ina asilimia 4 au 5. Nguvu yake inakaribia ya mvinyo, na jina limetoka hapo.

Zamani, matajiri wa mashambani Uingereza walikuwa na vyumba vya kupikia bia majumbani mwao. Akizaliwa mtoto wa kiume wa kurithi mali, baba aliamuru ipikwe bia kali kuliko zote, ikatiwa kwenye pipa na kufungiwa chini ya nyumba. Pipa lilifunguliwa kijana alipotimiza miaka 21. Fikiri, msikilizaji: aliyeipika anajua kwamba huenda hatakuwapo siku ya kuionja.

Mambo yakabadilika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, nafaka iliadimika, kodi ya bia ikapanda, na bia za Uingereza zikapunguzwa nguvu. Bia kali zikabaki chache. Lakini mwaka 1968, katika mji wa Dorchester, kiwanda cha Eldridge Pope kilitaka kuadhimisha miaka 40 tangu kufariki kwa Thomas Hardy, mwandishi aliyezaliwa karibu na mji ule. Katika riwaya yake ya The Trumpet-Major, iliyotoka mwaka 1880, Hardy aliisifia bia kali ya nyumbani kwao. Wenye kiwanda wakajaribu kupika bia ya kustahili sifa hizo, wakaiita Thomas Hardy's Ale. Ilikuwa na kileo cha karibu asilimia 12, nao wakawaambia wanunuzi kwamba ikitunzwa vizuri itadumu kwa miaka 25 au zaidi.

Hiyo ni ahadi kubwa kwa mtengeneza bia. Je, ilitimizwa? Bia ilitimiza upande wake, kiwanda hakikutimiza. Mwaka 1999 ulikuwa wa mwisho kwa Eldridge Pope kuipika. Wengine waliifufua, kwanza O'Hanlon's wa Devon kuanzia mwaka 2003, na baadaye Waitaliano walionunua jina lake. Lakini zile chupa za Dorchester zilizokuwa kabatini mwa watu hazikujua kwamba kiwanda kimeacha kuzipika. Ziliendelea kuiva.

Zinaivaje? Ndani ya chupa ya bia ya namna hii mara nyingi hubaki hamira hai kidogo, nayo huendelea na kazi yake. Mwaka wa kwanza, ukiinywa, utaona kileo kinachoma koo, hopsi ni chungu, na utamu unanata mdomoni kama asali. Kila ladha inavuta upande wake. Miaka mitano ikipita, uchungu unapungua na ukali wa kileo unalainika. Miaka kumi, rangi inazidi kuwa nyeusi, povu linapungua, na inaanza kunukia tende, zabibu kavu na sukari guru. Kazi hiyo inafanywa na hewa kidogo sana inayopenya kwenye kizibo. Na hapo ndipo penye hatari, maana hewa hiyohiyo inayoiivisha ndiyo itakayoiua. Ikizidi, bia inanuka boksi lililolowa maji.

Kwa hiyo wanaojua wanaitunza kwa taratibu. Kwanza, chupa inasimamishwa, hailazwi, ili mashapo yatulie chini. Pili, inawekwa gizani, kwa sababu mwanga unaiharibu hopsi na kuleta harufu mbaya. Tatu, inawekwa mahali pa baridi ya wastani, kama nyuzi 13 hivi, isipokuwa na joto la kupanda na kushuka. Kabati la jikoni la Dar es Salaam au Mombasa halifai kabisa. Nne, na hili ndilo kubwa, hainunuliwi chupa moja. Zinanunuliwa kadhaa za mwaka mmoja, na kila baada ya muda inafunguliwa moja ili kujua zilizobaki zimefika wapi.

Wakati wa kuonja hainywewi kwa bilauri ya bia wala haitiwi kwenye barafu. Inamiminwa taratibu katika glasi ndogo, mashapo yakibaki chini, na inaachwa ipoteze ubaridi. Unanusa kwanza, kisha unapiga funda dogo. Chupa moja ni ya watu wawili au watatu. Anayeinywa kama bia ya baa ataumbuka kabla hajafika mlangoni.

Mwaka 2019 nilikuwa Dorchester, na mzee mmoja aliyenikaribisha nyumbani kwake alinifungulia chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2003. Ilikuwa laini, tamu bila kunata, na funda moja lilibaki mdomoni mpaka tukabadili mazungumzo. Nikamwambia sasa naelewa kwa nini watu wanangoja.

Akanyamaza kidogo, kisha akaleta ya pili, ya mwaka 1987. Akanieleza kwamba mwaka huo yeye na mdogo wake walinunua chupa kumi na mbili. Kila wakutanapo walifungua moja, na ya mwisho walikubaliana kuinywa siku watakayokuwa wamestaafu wote wawili. Yeye akastaafu. Mdogo wake akaongeza mwaka mmoja kazini, akaongeza na mwingine. Kila walipopigiana simu walisema, iache, haiozi. Mdogo wake alifariki akiwa bado kazini.

Tuliifungua pale mezani. Haikutoa sauti. Rangi ilikuwa kama kahawa, na ilinuka boksi lililolowa, na nyuma yake kulikuwa na chumvichumvi kama sosi ya soya. Mzee alionja mara mbili. Hakuimwaga. Akaniambia, "Miaka kumi iliyopita ilikuwa nzuri. Naijua, kwa sababu ile ya kumi na moja tuliinywa pamoja."

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walituachia maneno mawili. Walisema subira yavuta heri. Tena walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wapo wanaodhani maneno haya yanapingana. Mimi tangu siku ile naona yanazungumzia chupa ileile, katika miaka tofauti. Bia ya Dorchester isingekuwa kitu kama watu wangeinywa mwaka wa kwanza. Lakini ilipikwa inywewe. Aliyeiandikia miaka 25 alikuwa anaahidi umri wake, hakuwa anamwamuru mtu angoje.

Nasi tunazo chupa zetu hata kama hatunywi. Kuna safari ya kwenda kumwona mama kijijini, inayongoja gari litengenezwe. Kuna ndugu tuliyekosana naye, na tunangoja hasira ipoe. Kungoja kwa mwanzo kuna faida, kwa maana hasira mbichi inachoma koo. Lakini kuna mwaka inapokuwa imeiva, na mwaka huo hauna kengele. Njia ya kuujua ni ileile ya wale ndugu wawili walipokuwa bado na chupa nyingi: kuonja mara kwa mara, pamoja.

Kama ipo moja uliyoiweka kwa ajili ya mtu fulani, mpigie simu juma hili. Kwaheri, mpaka tutakapokutana tena.