Mlozi na Jumbe



Sisi tukaao Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, tukitazama magharibi ng'ambo ya ziwa tunaelekea upande wa Karonga. Huko ndiko zilikotokea habari za jioni hii. Wengi husimulia kwamba vile vilikuwa vita vya Msalaba na Mwezi. Sisi, ingawa tumesomeshwa na misioni, twaona sivyo.

Ufukwe ule ulikuwa na wakubwa wawili wa Kiislamu, wote wafanya biashara ya pembe na watumwa. Kusini, Kota Kota, walitawala Majumbe tangu miaka ya 1840, wakijiita mawakili wa Sultani wa Unguja na kutweka bendera yake. Kaskazini, karibu na Karonga, Mlozi bin Kazbadema alijenga boma. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wankonde wengi penye ziwa dogo la Kambwe, na baadhi ya waliosalia walikimbilia kaskazini, kuvuka Songwe. Mlozi akajitangaza Sultani wa Nkonde.

Kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, ilipigana naye isiweze kumwondoa. Kapteni Lugard alijeruhiwa penye boma mwaka 1888. Je, Jumbe alikwenda kumsaidia ndugu yake wa dini? La. Mwaka 1889 alifanya mapatano na Harry Johnston, mjumbe wa Waingereza. Na Johnston huyo huyo, mwaka ule ule, akafanya amani na Mlozi!

Jumbe alikuwa na hesabu yake. Chiwaura, aliyemwasi, alimsumbua kuliko Mzungu, na mwaka 1893 Waingereza walimvunjia adui huyo. Tusimcheke: mtu aliyezungukwa humtazama kwanza aliye mlangoni. Tena mwaka 1890 Unguja yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, hata ile bendera haikuwa tena na mzinga nyuma yake.

Desemba 1895 boma la Mlozi lilipigwa mizinga. Alikamatwa, akahukumiwa mbele ya wakuu wa Wankonde, akanyongwa. Jumbe, rafiki wa Waingereza, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1894. Mrithi wake hakuachwa kutawala: aliondolewa Kota Kota akapelekwa Unguja.