Mrukaji Asiye na Jina

Waheshimiwa wasikilizaji wetu wa Uvira na wa kando ya ziwa, na nyinyi mlio juu huko Bijombo, ambako baridi ya jioni hii bila shaka imekwisha kuwakusanya motoni, maoni yetu ya leo yanamhusu mtu ambaye nchi yetu haina nasaba naye, lakini ambaye habari zake yatupasa tuzitafakari: Sergey Bubka, mzaliwa wa Luhansk nchini Ukraine, bingwa wa kuruka kwa upondo.

Kwa wale ambao hawajaushuhudia, mchezo wenyewe ni huu: mrukaji hukamata ufito mrefu, hutimka nao mbio zisizopungua sana zile za mkimbiaji wa mita mia, huichomeka ncha yake katika kishimo, na ufito ukapindika kama upinde wa mwindaji, kisha unaponyooka humrusha miguu juu kichwa chini, naye, akiisha kuuvuka mti uliolazwa juu, huuachilia ufito na kuanguka chali juu ya godoro nene.

Bubka alitokea Helsinki mwaka 1983, kijana wa miaka kumi na tisa asiyetajwa na mtu, akautwaa ubingwa wa dunia. Wala hakuuachia, bali aliutwaa mara sita mfululizo, hadi Athens mwaka 1997. Tarehe 13 Julai 1985, mjini Paris, alikuwa mwanadamu wa kwanza kuvuka mita 6. Alivunja rekodi ya dunia mara 35, aghalabu kwa sentimita moja moja, kwa kuwa kila rekodi mpya ilikuwa na ijara yake, na mwenye akili hauzi ghala yote kwa siku moja. Wako waliomwita bahili, mimi simlaumu. Lakini katika Olimpiki, ambako wengi hudhani ndiko aliko bingwa wa kweli, alipata dhahabu moja tu, ya Seoul mwaka 1988: mwaka 1984 serikali yake ya wakati ule, ya Kisovieti, iligoma kwenda Los Angeles, na mwaka 1992 huko Barcelona alishindwa kuvuka hata kimo cha kwanza. Urefu wake wa mita 6.15, aliouruka ndani ya ukumbi mjini Donetsk mwaka 1993, ulidumu hadi mwaka 2014, alipokuja Mfaransa Renaud Lavillenie akaruka 6.16 katika mji uo huo, Bubka mwenyewe akiwapo. Hata bara letu lina wake: Okkert Brits wa Afrika Kusini, aliyeruka mita 6.03 mwaka 1995.

Haya yote, wasikilizaji, tunayajua kwa tarehe na kwa sentimita. Sasa na tuvuke Ruzizi, twende Nyanza, katika ikulu ya Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda, mwaka 1907. Mwanamfalme mmoja wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa mgeni huko, na kwa ajili ya kumstahi vijana walimwonyesha mruko wao wa kimila, urukiramende. Picha iliyopigwa siku zile imezunguka dunia nzima: wazungu wawili wamesimama wima chini ya utete uliolazwa baina ya miti miwili, na juu ya vichwa vyao, miguu imekunjwa, anapita kijana mmoja ambaye hana upondo mkononi wala hana godoro linalomngoja. Ilisemwa kwamba aliruka mita 2.50, zama ambazo rekodi ya dunia ya kuruka juu bila upondo ilikuwa 1.97, na hata leo rekodi ya Javier Sotomayor wa Kuba, ya mwaka 1993, ni 2.45.

Tuwe waadilifu: vijana wale walijitupa juu kutoka kwenye kituta kidogo, jambo ambalo sheria za michezo hazilikubali, na kipimo cha mgeni aliyestaajabu si kipimo cha hakimu. Kwa hiyo sidai kwamba tulinyang'anywa rekodi. Ninalolidai ni dogo zaidi, nalo ni zito zaidi kwangu: jina la mwanamfalme aliyesimama tu limehifadhiwa pamoja na vyeo vyake, na la yule aliyekuwa hewani halikuandikwa chini ya picha. Bubka angeruka vile vile bila ya karani, lakini asingekuwa na historia ya kusimuliwa redioni.

Basi, walimu wa Bijombo na wa nyanda zote za juu, najua kwamba wengi wenu hamna hata madawati, na kwamba vita vimewahamisha wanafunzi wenu mara nyingi, sitawaombeni godoro. Siku ya michezo ikifika, lainisheni udongo kwa jembe, fungeni kamba baina ya fito mbili, pimeni kwa futi ya seremala, na katika daftari la shule mwandike urefu, tarehe, na jina la mtoto kwa ukamilifu.