UHURU NI AMANA
Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Tsoka na Dzaleka katika kuadhimisha siku ya 6 Julai

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo, siku ambayo wenyeji wetu huikumbuka kuwa ndiyo waliyopata uhuru wao katika mwaka 1964. Nimetakiwa na Chama niseme machache juu ya uhuru huo. Wengi wetu tumetoka Kivu, Maniema, Burundi na Rwanda, na mtu aweza kuuliza: habari hii yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na mwisho wa maneno yangu mtaona kwa nini.

Nchi hii haikutwaliwa bila ya vita. Waingereza walipotangaza himaya yao katika mwaka 1891, wako wakubwa wa Kiyao wa kandokando ya Ziwa waliowapinga, na mwaka huohuo Kapteni Maguire aliuawa alipoushambulia mji wa Makanjira. Twataja haya bila ya kujivuna, kwani haki yatutaka tukiri kwamba wakubwa kadha wa ziwani, na pamoja nao Majumbe wa Nkhotakota waliotoka pwani, walifanya biashara ya kuuza watu, na biashara hiyo iliwapa Waingereza hoja ya kuingia.

Katika mwaka 1915 Mchungaji John Chilembwe wa Chiradzulu aliinuka kwa ajili ya watu waliofanyishwa kazi ya thangata katika mashamba ya Wazungu, na kwa ajili ya waliopelekwa kufa katika vita visivyokuwa vyao. Aliuawa baada ya siku chache. Hakuwa wa dini yetu, lakini alidai haki, na mwenye kudai haki apasa kuheshimiwa na kila mtu.

Kisha katika mwaka 1953 Waingereza waliifunga nchi hii pamoja na Rhodesia mbili katika Shirikisho ambalo wenyeji hawakulitaka. Daktari Hastings Kamuzu Banda alirejea tarehe 6 Julai 1958 kuwaongoza watu wake. Tarehe 3 Machi 1959 ilitangazwa hali ya hatari. Naye akakamatwa na kupelekwa kifungoni Gwelo, na siku hiyo hiyo watu 20 wakapigwa risasi wakafa huko Nkhata Bay. Tume ya Jaji Devlin iliyotumwa na Waingereza wenyewe ikaandika kwamba nchi imegeuka kuwa ya kutawaliwa na polisi. Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi: uchaguzi katika mwaka 1961, serikali ya madaraka katika mwaka 1963, Shirikisho likavunjwa mwisho wa mwaka huo, na uhuru ukapatikana mwaka uliofuata.

Ndugu zangu, hapa ndipo nitakapo mnisikilize. Kumwondoa mtawala mgeni ni kazi moja. Kuweka serikali ya haki ni kazi nyingine. Miezi miwili tu baada ya uhuru, mawaziri waliotofautiana na mkubwa wao walifukuzwa, na wengine wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono. Katika mwaka 1966 sheria ikakubali chama kimoja tu, na katika mwaka 1971 Daktari Banda akawekwa kuwa Rais wa maisha. Waliouliza walifungwa. Na baadhi yao walifungwa wapi? Dzaleka! Pale tunapolala na watoto wetu palikuwa gereza la watu wa siasa.

Wengine walikimbia. Bwana Kanyama Chiume, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikimbilia Tanzania, akaishi huko miaka mingi na kuandika vitabu kwa lugha yetu hii ya Kiswahili. Basi wakati ule Mmalawi alikuwa mkimbizi kwa Waswahili, na leo sisi Waswahili tu wakimbizi kwa Wamalawi.

Uhuru wa pili ulikuja kwa kura. Tarehe 14 Juni 1993 watu waliulizwa kama wanataka vyama vingi, wakakubali kiasi cha watu 64 katika kila 100. Katika uchaguzi wa Mei 1994 Bwana Bakili Muluzi, Mwislamu, alichaguliwa kuwa Rais katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo. Na mwaka huohuo Dzaleka ikafunguliwa kuwa makao ya wakimbizi.

Sisi hatupigi kura hapa. Lakini iko serikali moja ndogo tunayoitawala wenyewe, nayo ni Chama hiki. Mwaka jana katika mkutano wetu kijana mmoja aliuliza habari za hesabu ya sanduku la maziko. Alizomewa, akaambiwa aketi, kwamba hana adabu kwa wazee. Mimi nilikuwapo, nami ni mmoja wa wazee hao, nikanyamaza. Kijana yule hajarudi tena mkutanoni. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kama tumeshindwa kumstahimilia mtu mmoja aulizaye juu ya fedha za sanda, tutawalaumu vipi waliofukuza mawaziri?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushauriana na kurudisha amana kwa wenyewe. Kwa hiyo namwomba Mwenyekiti, kwa heshima zote, hesabu ya sanduku isomwe leo mbele ya watu wote kabla hatujala. Nami nitakwenda mwenyewe kumtaka radhi kijana yule na kumwomba arejee.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwe wageni wa namna hiyo katika nchi hii iliyotupokea. Mola aipe Malawi amani, azirehemu roho za waliokufa kwa ajili ya haki, na atujaalie kuzirudia nchi zetu kwa salama. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.