Tetemeko Moja, Mitikiso Mingi

Somo: 1 Wakorintho 12:12-27



Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa mbili na robo, nchi ilitetemeka. Asili yake ilikuwa chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Mtikiso ulifika Mombasa, na hata Nairobi wako waliousikia. Asubuhi yake hapa kwetu palikuwa na ubishi. Mmoja alisema taa yake ya kutundikwa iliyumba. Jirani yake, aliyekuwa akitembea njiani saa ile ile, alisema hakusikia neno. Je, nani alikuwa mwongo? Hakuna.

Wataalamu wana vipimo viwili vya tetemeko, na ni vema tusivichanganye. Cha kwanza ni kipimo cha ukubwa. Charles Richter alikitengeneza huko California mwaka 1935, na baadaye wenzake wakakiendeleza. Hiki hupima nguvu iliyotoka ardhini, nacho hutoa namba moja tu kwa tetemeko zima. Lile la 2020 lilipata karibu 6. Namba ikipanda kwa moja, nguvu huzidi kama mara 32.

Kipimo cha pili ni cha mtikiso wenyewe, mahali ulipo wewe. Hiki kinaitwa kwa jina la Giuseppe Mercalli, padre wa Italia aliyechunguza volkano na matetemeko. Kina madaraja 12. Katika daraja la kwanza ni vigumu mtu kusikia kitu. Katika la nne vyombo na milango hulia. Katika la tano wengi waliolala huamka. Katika la saba nyumba dhaifu huharibika vibaya, na katika la kumi na mbili hakuna kinachosalia. Kujua daraja hili, tangu zamani watu walioneshwa njia moja: kwenda kuuliza. Mama, vyombo vyako vilianguka? Mzee, ukuta wako umepasuka?

Tena majibu hayafuati umbali peke yake. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8 lilitokea pwani ya Mexico. Mji mkuu wao uko mbali, zaidi ya kilomita 300. Lakini sehemu za mji zilizojengwa juu ya matope ya ziwa la kale zilitikisika mno, majumba yakaanguka, na maelfu ya watu wakafa. Sehemu zilizokaa juu ya mwamba, katika mji ule ule, ziliumia kidogo. Namba ilikuwa moja. Mitikiso ilikuwa mingi.

Wapenzi, jambo hili lilitukumbusha kosa letu. Mwaka 2022, mvua zilipotukimbia tena, mama mmoja mjane aliacha kuja ibadani. Tukasikia kwamba siku ya Bwana anauza makaa kando ya barabara. Sisi wazee wa kanisa tulimwita, tukamwambia, "Mama, njaa hii ni ya wote. Mbona wenzako wanakuja?" Kisha tukamzuia asishiriki Meza ya Bwana.

Tulikuwa tumesema kweli, ila nusu yake. Ukame ulikuwa mmoja. Lakini baadhi yetu tulikuwa na watoto wenye kazi Mombasa, na wengine tulikuwa na mbuzi wa kuuza. Hatukuwa tumekwenda kuuliza.

Tulipokwenda mwishowe, tulikuta mafiga yamepoa na wajukuu watatu wamelala mchana. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka. Akasema, "Baba zangu, Jumapili ndipo magari hupita mengi." Hakusema zaidi. Tulimwomba msamaha tukiwa tumeketi pale pale. Alinyamaza kitambo kirefu kabla ya kuitikia, nasi tulistahili kimya kile.

Tangu siku hiyo, kabla ya kumhukumu mtu barazani tunakwenda kwanza nyumbani kwake. Mtume Paulo anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia, mwili wote huumia pamoja nacho. Lakini mwili utaumiaje pamoja, ikiwa haujui mahali palipo na jeraha?

Basi wewe unayetusikiliza, taabu ikiingia kijijini, usiipime kwa mtikiso wa nyumba yako peke yake. Pengine wewe umejenga mwambani, na si kwa nguvu zako. Inuka uende kwa yule aliye kwenye matope. Uliza, kisha usirudi mikono mitupu.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliowahukumu wenzetu kwa kipimo cha amani yetu. Utupe miguu ya kwenda na masikio ya kusikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.