Vishikwambi vya Bei ya Kutupa

Katika mtaa wa Luthuli mjini Nairobi, na katika majengo ya Kampala ambamo maduka ya simu yamepangana ghorofa juu ya ghorofa, ipo bidhaa isiyokosa mnunuzi mwisho wa mwezi. Ni kishikwambi, ile kompyuta bapa isiyo na kibodi ambayo mwenye nayo huigusa kioo kwa kidole. Vilivyotoka kiwandani mwaka huu huwekwa mbele, penye taa. Pembeni huwekwa vingine ambavyo bei yake ya kwanza imepigwa mstari na chini yake imeandikwa nyingine, pengine nusu, pengine robo. Kimoja huelezwa kuwa kimetumika Uingereza, kingine kimepitia Dubai, na kingine kimo ndani ya boksi lake ambalo halijafunguliwa, ila kiwanda kilikwisha acha kukitengeneza. Muuzaji yuko tayari hata kula kiapo kwamba kifaa ni kile kile na kilichopungua ni bei tu.

Askari ni mteja anayependwa sana na muuzaji wa namna hiyo. Mshahara wake una tarehe inayojulikana, na tarehe hiyo ikifika bidhaa humfuata mpaka mbele ya lango la kambi. Ana watoto wanaosoma mbali naye. Pengine yeye mwenyewe ana mtihani wa kupandishwa cheo mbele yake, na vitabu vya kusoma havitoshi katika kikosi. Akisikia kwamba kifaa cha kusomea kinapatikana kwa robo ya bei, huenda akakata mkopo katika chama cha akiba ili asiikose bahati hiyo. Je, ni bahati kweli?

Jibu lake si ndiyo wala hapana, na ili kulipata inafaa kwanza kukumbuka kisa kilichotokea Marekani mwaka 2011, kwa kuwa hapo ndipo ulimwengu ulipoona waziwazi jinsi kishikwambi kinavyoweza kufa kikiwa kizima.

Tarehe 1 Julai mwaka huo kampuni ya Hewlett-Packard iliingiza sokoni kishikwambi kilichoitwa TouchPad. Kidogo kati ya viwili kiliuzwa kwa dola 499.99 na kikubwa kwa dola 599.99. Tarehe 18 Agosti, hata miezi miwili haijatimia, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba inaachana nacho. Siku mbili baadaye bei ikaporomoka hadi dola 99 na dola 149. Watu walivigombania, na shehena iliyokuwa imekaa madukani bila kuulizwa ikaisha kwa muda mfupi sana. Ikumbukwe kwamba chuma kilikuwa kile kile, kioo kile kile, betri ile ile. Kilichobadilika ni jambo moja tu, nalo halionekani kwa macho: mwenye kukitengeneza alikuwa amekipa mgongo.

Waliolipa dola 99 walipata nini? Walipata kifaa cha kusomea na kutazamia picha kwa bei ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuitoza kikapata faida. Katika Oktoba 2011 mafundi wa kujitolea, wasiolipwa na mtu, walifaulu kukitia mfumo endeshi wa Android badala ya ule wa kwanza, na kwa njia hiyo wenye ujuzi wakakiongezea maisha. Wasio na ujuzi walibaki na mfumo wa awali, na tarehe 15 Januari 2015 duka la programu za mfumo huo likafungwa kabisa. Hata hivyo, aliyelia zaidi si huyo. Aliyelia zaidi ni yule aliyelipa karibu dola 500 mwezi Julai akiamini kwamba anachonunua kipya ndicho kitakachodumu. Hivyo basi, upya peke yake si dhamana, na bei ndogo peke yake si ulaghai.

Dhamana iko wapi basi? Iko katika ile kazi ambayo mtengenezaji anaendelea kuifanya baada ya kuuza. Kila mwezi watu wabaya hugundua matundu katika mifumo ya kompyuta, na kila mwezi mtengenezaji aliye macho hutuma marekebisho ya kuyaziba. Siku atakapoacha kutuma, kifaa huwa kama lindo ambalo mlinzi wake ameondolewa bila badala. Ukuta upo, lango lipo, taa inawaka, lakini hakuna mtu. Baada ya hapo programu nazo huanza kukikataa, moja baada ya nyingine. Mwezi Agosti 2023 huduma za Google ziliacha kuhudumia mfumo wa Android 4.4, na Oktoba mwaka huo huo WhatsApp ikaacha kufanya kazi katika kila Android iliyo chini ya toleo la 5. Kwa hiyo kishikwambi kilicholala katika boksi lake tangu mwaka 2014 huweza kufunguliwa leo kikiwa kinang'aa, hakina mkwaruzo hata mmoja, na kisiweze kupokea ujumbe wa mtoto kutoka bwenini.

Umri nao hautoshi kuwa kipimo. Kampuni ya Apple ilianza kuuza iPad yake ya kwanza Aprili 2010, na toleo la mwisho la mfumo wake likatolewa Mei 2012. Ni miaka miwili tu. Kampuni hiyo hiyo ilitoa iPad Air 2 mwezi Oktoba 2014, nayo ikapokea mfumo mpya hata mwaka 2021. Aliyenunua hiyo ya pili kwa bei iliyoshuka mwaka 2017 alikuwa na miaka kadhaa mbele yake. Aliyenunua ile ya kwanza kwa bei iliyoshuka mwaka 2012 alinunua kitu kilichokwisha kufika kituo cha mwisho. Kwa nje zote mbili ni vioo vyenye nembo ya tofaa.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zimejifunza jambo hili kwa njia yao. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Kenya iligawa vishikwambi katika shule za msingi, na masomo yakawekwa ndani ya kifaa chenyewe, ili mtoto wa mahali pasipo na mtandao naye aweze kujifunza. Mwaka 2019 nchi hiyo ilihesabu watu wake kwa vishikwambi vilivyounganishwa humo humo nchini. Tanzania nayo ilitumia vishikwambi katika sensa ya Agosti 2022, na baada ya hesabu kwisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Kazi ya kwanza ilikuwa imekwisha lakini kifaa kilikuwa bado, kwa hiyo kikapewa kazi ya pili inayolingana na nguvu zake. Huo ndio mfano ambao askari anaweza kuufuata kwa usalama: kwanza ijulikane kazi, ndipo kitafutwe kifaa.

Ikiwa kazi ni kusoma vitabu na kanuni za jeshi zilizokwisha chapishwa kwa umma, mitihani ya miaka iliyopita, masomo ya hesabu ya mtoto yaliyopakuliwa na kuhifadhiwa, hapo kishikwambi cha zamani kinafaa, na mwenye kukidharau ni mwenye kuringia fedha. Ukurasa wa kitabu hauzeeki kwa sababu Google imebadili nia. Lakini ikiwa kazi ni kutuma na kupokea fedha, kuingia katika akaunti ya benki, au kumhudumia mwanafunzi mwenye miaka minne ya masomo mbele yake, basi bei hiyo ndogo ni kubwa. Chukua mfano rahisi. Kifaa cha shilingi 400,000 chenye miaka minne ya kuhudumiwa kinagharimu shilingi 100,000 kwa mwaka. Kifaa cha shilingi 150,000 kilichobakiza mwaka mmoja kinagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka huo mmoja, na baada yake mzazi anarudi dukani. Katika hesabu hiyo ghali ni kipi?

Betri nayo isisahauliwe. Betri za lithiamu huchakaa hata zisipotumika, na iliyokaa miaka ndani ya boksi bila chaji yaweza kugoma kabisa au kuvimba. Kifaa ambacho mgongo wake umeinuka, au kioo chake kimeachana kidogo na fremu yake, hakifai kununuliwa hata kikitolewa bure, kwani betri iliyovimba huweza kushika moto, na bweni la askari si mahali pa jaribio hilo.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa polisi, nalo ni asili ya kifaa. Vishikwambi vya shule na vya makampuni huibwa, kisha hujitokeza sokoni vikiitwa mtumba wa Ulaya. Tangu mwaka 2013 vifaa vya Apple vina kufuli linalovifunga na akaunti ya mwenyewe, na Android zikapata kufuli la namna hiyo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Kifaa kinachodai nywila ya mtu asiyejulikana baada ya kufutwa, au kinachoandika kwamba kinasimamiwa na taasisi fulani, kinajitolea ushahidi chenyewe. Sheria ya Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, inampa mwenye kupokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, kifungo kisichozidi miaka 14. Konstebo aliyefunzwa kutambua mali ya wizi atapata taabu kubwa kumweleza hakimu kwamba yeye hakuwa na sababu ya kushuku.

Kwa wanajeshi, hatari iko upande mwingine. Kifaa kisichopokea tena marekebisho ya usalama hakipaswi kuwekwa orodha ya zamu, picha ya ghala, wala jina la mahali kikosi kinapokwenda. Yapo majeshi makubwa yaliyoumbuka kwa uzembe mdogo zaidi: mwezi Januari 2018 ramani ya mazoezi ya kukimbia, iliyotolewa na kampuni ya Strava, ilionyesha vituo vya kijeshi ambavyo wenyewe hawakupenda vionekane. Hao walikuwa na vifaa vizima vyenye kuhudumiwa. Na anayeuza kishikwambi chake cha zamani kwa raia, kufuta picha moja moja hakutoshi. Kwanza aondoe akaunti zake, kisha akirudishe kifaa chote katika hali ya kiwandani, na kadi ya kumbukumbu abaki nayo.

Mwenye nia ya kununua aende mchana na aombe kifaa kiwashwe mbele yake. Afungue ukurasa wa mipangilio asome mambo mawili, toleo la mfumo na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Tarehe hiyo ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, basi ajue ananunua kitabu cha kioo, na akilipie bei ya kitabu. Aifungue ile programu aliyoikusudia, hapo hapo dukani, si nyumbani. Akiache kikiwaka kwa nusu saa bila chaja huku akitazama chaji inavyoshuka. Aombe risiti yenye namba ya kifaa na jina la duka. Muuzaji atakayesema kwamba boksi likifunguliwa bei inapanda aachwe na boksi lake.