Kitabu cha Marehemu Baba



Marehemu baba alipohamia Muscat alichukua kitabu kimoja tu cha hadithi: "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Kila usiku alitusomea visa vya Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na sahibu yake Najum. Kwa sauti ile ndipo nilipojifunza Kiswahili, kwani Unguja sikupata kuiona utotoni.

Nakiri kosa langu: wanangu sikuwasomea. Jana mjukuu wangu alikifungua, akaniuliza, "Bibi, hapa pameandikwa nini?" Tumeanza ukurasa wa kwanza.

Nawaombeni, kila nyumba isome.