Kijana wa kifafa asibaki yeye peke yake na dawa yake



Leo hatusemi juu ya barabara wala maji. Tunasema juu ya vijana wenzetu wenye kifafa, wa miaka 12 mpaka 18, ambao wanaacha dawa njiani.

Juu ya nini wanaacha? Tunawajua, tunaishi nao kwenye avenue. Moja anaona haya mbele ya wenzake wa darasa. Mwingine amemaliza miezi tatu bila kuanguka, anasema: nimeshapona. Mwingine ameambiwa kwenye maombi kama kumeza kinini ni kukosa imani. Na mwingine anafika kwenye kituo cha afya, anaambiwa dawa imeisha, arudi wiki ijayo.

Tuseme wazi: kifafa si uchawi, na povu la mate haliambukizi mtu. OMS inasema watu mpaka 7 kwa 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitunzwa muzuri. Lakini dawa kama fenobarbitali inalinda mtu ikiwa ndani ya damu kila siku. Ukiikata mara moja, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, hata bila kukoma, na hiyo inaua. Kuacha, munganga ndiye anaamua, tena inafanywa polepole.

Basi, sisi tufanye nini?

Kwanza, saa ni moja kila siku. Tuweke alarme kwenye telefone, tufunge kinini na kitu chenye hakisahauliki, kama chakula cha usiku. Akimeza, atie alama kwenye kalenda. Akisahau, asimeze mbili pamoja kesho yake, amuulize muuguzi.

Pili, kila kijana awe na rafiki moja mwenye kujua. Si wa kumuchunga kama polisi, ni wa kumuuliza tu: umekunywa? Na siku akianguka, rafiki huyo amugeuze upande, asimutie kijiko kinywani, aangalie saa. Ikipita dakika 5, hospitali.

Tatu, wazazi, musingoje kinini cha mwisho. Zikibaki za wiki moja, twende kutafuta zingine. Na kwa sisi wenye kukimbia vita kila mara, dawa na karatasi ya munganga zikae ndani ya mufuko ule ule wa vitambulisho.

Ine, serikali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya ni garanti. Fenobarbitali ni kati ya dawa za bei ya chini kabisa. Kijana anatembea kilometa 10 kwa miguu, anakuta étagère tupu: huyo hakuacha dawa, dawa ndiyo imemuacha. Tunaomba zoni za afya zitangaze hadharani, kila mwezi, dawa ya kifafa yenye iko na yenye haiko. Na sisi tutapita kituo kwa kituo kuhakikisha.

Usiku wa leo, kila moja wetu aulize kijana moja: umekunywa?